Je, Wajua? Kibakwe, Kipimo na Umbali wa Kidonge

Leo tuko Kibakwe, kusini mwa Wilaya ya Mpwapwa, mkoani Dodoma. Msiichanganye na Kibaigwa ya Kongwa, yenye soko la mahindi kando ya barabara kuu ya Morogoro. Kibakwe iko kwenye barabara inayotoka Mpwapwa mjini, inapita Gulwe penye reli ya kati, kisha inaendelea hadi kutokea Chipogolo kwenye lami ya Dodoma kwenda Iringa. Mvua ikishika, safari ya hospitali ya wilaya ni jambo la kupangwa na kuwekewa akiba. Ndiyo maana nimeona maswali ya VVU tuyaulizie huku badala ya mjini. Kipimo kipo, dawa zipo na ni bure. Kinachosimama kati ya mtu na kidonge chake ni umbali, pamoja na macho ya majirani. Mambo mengi mema yaliyobuniwa kwa miaka ishirini iliyopita yamekuja kupunguza kimojawapo kati ya hivyo viwili.

Je, wajua kwamba wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa watatu tu? Ilikuwa mkoani Kagera, mwaka 1983. Kufikia 1986 hapakuwa na mkoa hata mmoja Tanzania Bara ambao haujaripoti mgonjwa. Zanzibar nayo iliripoti wake wa kwanza mwaka huohuo wa 1986.

Kirusi chenyewe ni cha zamani kuliko jina lake. Damu iliyochukuliwa Kinshasa mwaka 1959 na kuhifadhiwa ilikuja kupimwa miongo kadhaa baadaye, ikakutwa na VVU. Wanasayansi waliofuatilia nasaba ya virusi hivyo walirudi nyuma hadi miaka ya 1920, mjini humohumo, wakati reli na mito ya Kongo ikisafirisha watu kwa maelfu kwenda migodini na kurudi. Watu wakisafiri, kirusi husafiri nao. Wakazi wa Gulwe, walioona treni zikipita tangu enzi ya Wajerumani, hawana haja ya kufafanuliwa hilo.

Je, wajua kwamba Mkoa wa Dodoma uliwahi kunyimwa mchezo wa redio kwa makusudi, kwa ajili ya utafiti? Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa kuigiza kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Sehemu kubwa ya nchi ilimjua Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu aliyevumilia hadi akachoka, akamwacha na kuanzisha biashara yake ndogo. Mkwaju aliishia kuugua UKIMWI. Saa ya mchezo ilipofika, mtambo wa Dodoma ulirusha vipindi vyake vingine. Watafiti, akiwamo Everett Rogers wa Marekani, walitaka sehemu moja isiyosikia mchezo ili walinganishe na zile zilizosikia. Hali ikabaki hivyo hadi mwaka 1995, ndipo Dodoma nayo ikafunguliwa.

Matokeo yake yalikuwa wazi. Waliosikiliza walipunguza idadi ya wapenzi na kutumia kondomu zaidi kuliko wenzao wa Dodoma, na mkoa huu ulipoanza kuusikia mchezo, nao ukaanza kubadilika. Utafiti huo unafundishwa vyuo vikuu duniani kama mfano wa nguvu ya hadithi. Nauheshimu, kwa kuwa bila huo tusingekuwa na ushahidi kwamba redio inaokoa maisha. Hata hivyo siwezi kuusoma bila kuwawaza vijana wa mkoa huu waliokuwa na miaka 18 mwaka 1993, ambao kwa miaka miwili hawakumsikia Tunu. Dodoma ililipa sehemu ya gharama ya elimu ambayo nchi nyingine nyingi zimeitumia. Inastahili kutajwa na kushukuriwa kwa hilo, na sijawahi kusikia hotuba ya Siku ya UKIMWI iliyofanya hivyo.

Je, wajua ni lini UKIMWI ulitangazwa kuwa janga la taifa? Ni usiku wa tarehe 31 Desemba 1999, katika salamu za mwaka mpya za Rais Benjamin Mkapa. Tume ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS, ikapata sheria yake mwaka 2001. Leo makao makuu yake yako hapahapa mkoani, Dodoma mjini.

Lakini watu hawakuisubiri serikali. Nchini Uganda, Noerine Kaleeba alifiwa na mumewe mwaka 1987, na mwaka huohuo yeye na wenzake wakaanzisha TASO. Kwetu, Theresa Kaijage alianzisha WAMATA mwaka 1989, wakati ambapo mgonjwa wa UKIMWI alitengewa kikombe na sahani. Mwaka 1994 likaja SHIDEPHA+, lililoundwa na watu wenyewe wanaoishi na virusi. Nchini Kenya, Joe Muriuki alishatangaza hali yake hadharani tangu 1987. Wote hao walianza kabla kidonge hakijafika, na hawakuwa na kitu cha kuwapa wenzao isipokuwa kukaa nao.

Je, wajua konga ni nini? Ukiishi na VVU huenda tayari ni mwanachama. Ni umoja wa wanaoishi na virusi katika wilaya, ulio chini ya Baraza la Taifa, NACOPHA. Ndani yake wamo watu waliokwisha kuzoea dawa, na hao ndio wanaomfuata aliyeanza jana. Mtu akikosa kliniki kwa muda, vitabuni anaandikwa mtoro. Konga humtuma mwenzake amtafute, mara nyingi mtu aliyewahi kutoroka dawa naye akarudi. Anapofika hana koti jeupe wala faili mkononi. Anakaa kwenye kigoda, anazungumzia mvua, anazungumzia mbuzi, halafu ndipo anauliza. Daktari mwenye shahada mbili hawezi kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko yeye. Naamini hapa ndipo huduma ya VVU vijijini inaposimama au kuanguka.

Kijijini pia kuna kamati ya kudhibiti UKIMWI, na katani kuna nyingine. Viongozi wa dini wanatakiwa wawemo, vijana wawemo, na WAVIU, yaani watu wanaoishi na VVU, wawemo. Uliza katika mkutano wa kijiji chenu kamati ilikaa lini mara ya mwisho. Ni haki yako kuuliza.

Je, wajua kwamba kipimo cha kawaida hakitafuti virusi? Hutafuta askari ambao mwili umewatengeneza kupambana navyo. Askari hao huchukua muda kujitokeza, kwa kawaida kati ya wiki 3 na 12. Aliyeambukizwa juzi anaweza kupima leo akaambiwa hana, na hakuna aliyemdanganya, kwani kipimo kimesema kilichokiona. Ndiyo maana mshauri anakwambia urudi. Tone moja la damu ya kidoleni, dakika 15 hadi 20, majibu mkononi. Kikionyesha maambukizi, huthibitishwa kwa kipimo kingine cha aina tofauti kabla hujaambiwa lolote.

Unaweza pia kujipima mwenyewe. Bunge likiwa Dodoma, Novemba 2019, lilibadilisha sheria likaruhusu Mtanzania ajipime VVU kwa kifaa chake. Kijiti unakipitisha kwenye ufizi, unakitia kwenye kichupa, unasubiri dakika 20. Mistari miwili maana yake nenda kituoni ukathibitishe. Siyo majibu ya mwisho. Na kama tayari uko kwenye ARV usijipime hivyo ili kuona kama umepona, kwa sababu dawa zinaweza kukifanya kijiti kisione kitu na virusi bado vimo. Kwa kijiji ambacho mtu akionekana kwenye benchi la kupima habari zinafika nyumbani kabla yake, kijiti hiki kinaondoa macho yale yote.

Sheria hiyohiyo ilishusha umri wa kupima bila idhini ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Wazazi wengi walishtuka. Mimi nilifurahi, maana binti wa miaka 16 mwenye sababu ya kutaka kupima mara nyingi ana sababu hiyohiyo ya kutotaka baba ajue.

Je, wajua kwamba Rais wa nchi alipima mbele ya kamera? Tarehe 14 Julai 2007, Rais Jakaya Kikwete na mkewe Mama Salma walipima hadharani Dar es Salaam kuzindua kampeni ya taifa ya kupima kwa hiari. Kabla yao, tangu mwaka 2001, vituo vya Angaza vya AMREF vilikwisha kuwazoesha Watanzania kuingia, kushauriwa na kupima. Mwaka 2018 zamu ikawa ya Dodoma. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindulia hapa kampeni ya Furaha Yangu, na safari hii waliolengwa hasa ni wanaume.

Kwa nini wanaume? Utafiti wa taifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wazima nchini wana VVU: wanawake asilimia 5.6, wanaume asilimia 3.0. Wanawake wengi hupimwa wanapokwenda kliniki ya ujauzito. Mwanamume hana kliniki inayomsubiri. Anasikia majibu ya mkewe, anajihesabia kuwa ndiyo yake, anarudi shambani. Huo ni uongo hatari. Mke na mume wanaweza kuishi miaka mingi, wamelala kitanda kimoja, mmoja anavyo na mwingine hana. Majibu ya mwenza hayakusemei wewe, baba. Njoo na kidole chako.

Utafiti huohuo ulikadiria maambukizi mapya kwa watu wazima kuwa takriban 60,000 kwa mwaka, na kwamba kati ya kila watu 100 wenye VVU, karibu 83 ndio wanaojua. Wanaojua, karibu wote wako kwenye dawa, na walio kwenye dawa, wengi sana virusi vyao vimefubaa. Ukishampata mtu, kazi kubwa imekwisha. Ugumu uko kwenye kumpata.

Je, wajua jirani wa Mpwapwa upande wa kusini ni nani? Ni Mkoa wa Iringa, ng'ambo ya Mto Ruaha Mkuu. Katika utafiti nilioutaja, Njombe iliongoza kwa asilimia 12.7, Iringa ikafuata kwa 11.1. Mpaka wa mkoa ni mstari kwenye ramani ya ofisini, lakini watu huoana ng'ambo zote mbili, huuziana ng'ombe, na hufuata kibarua. Vitunguu vya Lumuma, wilayani humuhumu Mpwapwa, vina msimu wake, na msimu una vibarua wageni, pesa ya haraka na vyumba vya kulala wageni. Kwenye bwawa la Mtera kuna wavuvi wanaohama na samaki. Huduma ya mkoba, yaani wahudumu kubeba vipimo na dawa na kuwafuata watu, ikija Jumanne saa nne asubuhi kwenye ofisi ya kata itawakuta wazee na watoto. Ikija jioni siku ya mnada, au wakati magunia yanapakiwa, itawakuta inaowatafuta. Mkesha wa Mwenge wa Uhuru umeonyesha jambo hilo kwa miaka mingi: watu wapo usiku kucha, na hema la kupimia linapata wateja.

Je, wajua jando linahusikaje? Wagogo wanatahiri vijana wao tangu zamani, kwa hiyo huku mtu hahitaji kubembelezwa akubali tohara. Majaribio matatu makubwa, Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda, yalionyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka 2007. Asilimia 60 si 100, na kondomu haistaafu kwa sababu ya jando. Tena kisu kimoja kikipita kwa vijana kumi, kinachofanya kazi ya kinga kinaweza kugeuka njia ya maambukizi. Ngariba na mganga wa zahanati wakikubaliana, mila inabaki na wembe unabadilishwa. Ila ukeketaji wa wasichana haumo kabisa katika hesabu hii. Haumkingi yeyote na chochote, ni jeraha na ni kosa la jinai. Yeyote anayeuuza kwa jina la usafi au kinga anasema uongo.

Je, wajua mama mwenye VVU anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye navyo? Bila dawa, kati ya watoto 15 na 45 katika kila 100 huambukizwa wakiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa maziwa. Mama akitumia dawa vizuri, idadi inashuka chini ya 5. Tangu 2013, kila mjamzito anayekutwa na VVU Tanzania anaanzishiwa dawa na haziachi maishani. Nawaomba mama wakwe wa Kibakwe wanisikilize hapa. Mkwe akimeza kidonge kila jioni, usimuulize cha nini mbele ya watu. Huenda anamkinga mjukuu wako.

Kitoto kichanga hakipimwi kama mtu mzima. Askari wa mama hubaki kwenye damu yake hadi karibu miezi 18, kwa hiyo kipimo cha kawaida kinaweza kumsema vibaya mtoto aliye salama. Anapofikisha wiki 4 hadi 6 hutobolewa kisigino, matone yakadondoshewa kwenye karatasi maalumu na kukaushwa. Karatasi hiyo ndiyo inayosafiri hadi maabara kubwa. Damu iliyokauka haidai barafu, wala haimwagiki kwenye bodaboda. Kupima wingi wa virusi kwa watu wazima wa vijiji vya mbali nako kumetumia karatasi za namna hiyo. Ni uvumbuzi usio na kelele, na sidhani kama kuna mwingine uliowafaa watu wa barabara za vumbi kiasi hicho.

Je, wajua ARV zilianza kutolewa bure lini? Oktoba 2004. Lakini siku hizo hukupewa mpaka chembe za kinga za CD4 ziporomoke, yaani mpaka uanze kuumwa. Mtu alipima, akaambiwa unavyo, nenda nyumbani, urudi hali ikiwa mbaya. Wengi hawakurudi. Tangu Oktoba 2016 utaratibu ni kupima na kuanza: ukikutwa navyo, unaanza dawa hata kama una nguvu za kubeba gunia.

Wengi leo wanatumia kidonge kimoja cha TLD kwa siku, dawa tatu zimeunganishwa ndani yake. Hakisubiri mlo, umekula ugali wa uwele na mlenda au umelala njaa, kinamezwa. Ila kina ugomvi na dawa za kiungulia na vidonge vya madini kama chuma na kalisi, ambavyo huweza kukizuia kisiingie vizuri mwilini. Mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu amwambie nesi ampangie saa. Mwenye kifua kikuu naye aseme mapema, kwa kuwa dawa yake moja hulazimisha kuongezewa dozi. Tena kifua kikuu ndicho kinachoongoza kuwaua wanaoishi na VVU. Kikohozi cha wiki mbili kisifichwe.

Na je, wajua kwamba mtu aliyetulia kwenye dawa anaweza kupewa za miezi sita kwa mpigo? Zamani ilikuwa kila mwezi. Fikiria mfugaji aliyehamisha ng'ombe kufuata maji, au mama wa kijiji cha mlimani ambaye nauli ya kwenda na kurudi inakula pesa ya wiki. Safari kumi na mbili zimekuwa mbili. Waliozoea mjini wanaliona jambo dogo la kiutawala. Mimi nalihesabu sawa na kuvumbuliwa kwa dawa yenyewe, kwa sababu kidonge kilichobaki kwenye rafu ya kituo hakimtibu mtu.

Je, wajua kwamba mwenye VVU ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana? Hili wengi hawaliamini, kwa hiyo nalieleza taratibu. Watafiti wa Ulaya walifuatilia jozi 888 za wenza, mmoja ana VVU na yuko kwenye dawa, mwingine hana, na hawakutumia kondomu. Tendo lilihesabiwa kufikia takriban mara 58,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: hakuna aliyeambukizwa na mwenza wake. Mwaka 2019 utafiti wa pili, kwa wenza wa kiume, ulitoa jibu lilelile, sifuri. Sharti ni dawa kila siku na kipimo cha wingi wa virusi. Ukianza dawa, hupimwa baada ya miezi sita, kisha mwaka unapotimia, kisha kila mwaka. Dai kipimo chako na uulize majibu. Karatasi isikae kwenye faili miezi mitatu huku wewe ukiogopa kumgusa mkeo.

Mwenye VVU hana haja ya kuagwa, wala kuzuiwa kuoa, wala kunyang'anywa shamba la marehemu mumewe. Nyumba ngapi tumezivunja kwa kutojua hili?

Je, wajua kuhusu saa 72? Aliyebakwa, aliyechomwa na sindano, au aliyepasukiwa na kondomu akiwa na mtu mwenye VVU, anaweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi, PEP, kwa siku 28. Ila lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kwa aliyeko mbali, saa hizo huliwa na kikao cha ukoo, kisha na kutafuta usafiri, kisha na fomu ya polisi. Nenda kituo cha afya kwanza. Kikao kitakusubiri.

Je, wajua sheria inasemaje? Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumpima mtu kwa lazima ili apate kazi, inakataza kutangaza majibu yake bila ridhaa, na inakataza kumbagua. Mhudumu anayetaja jina la mgonjwa kilabuni amevunja sheria. Upande wa pili, anayemwambukiza mtu kwa makusudi naye anashtakiwa.

Je, mnakumbuka kikombe cha Loliondo? Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanga foleni Loliondo, kijijini Samunge, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Baadhi yao waliacha ARV. Siwacheki hata mmoja. Mtu aliyechoka kubeba siri hutafuta mahali popote panapomwahidi kuitua. Lakini virusi vilirudi, na kwa walioacha dawa muda mrefu, vingine vilirudi na usugu. Hadi leo hakuna kikombe, mafuta wala maombi yanayochukua nafasi ya kidonge. Ombeni, na mumeze.

Je, wajua fedha za haya yote zimetoka wapi? Sehemu kubwa imetoka nje, hasa Mfuko wa Dunia na PEPFAR, mpango ulioanzishwa na Rais George W. Bush wa Marekani mwaka 2003. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa mkupuo, na kufikia Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Dawa zilikuwa jambo la kwanza la kuokolewa, na ilikuwa sawa. Kinachokatwa mapema katika hali kama hiyo ni kile kisichoonekana kwenye rafu: posho ya mhudumu wa jamii, nauli ya mtu wa konga, mafuta ya pikipiki ya huduma ya mkoba. Yaani kata inayoumia mapema ni ile ya mbali.

Tunao Mfuko wetu wa Udhamini wa UKIMWI, uliowekwa kisheria mwaka 2015. Tuna Kili Challenge ya mgodi wa Geita, ambayo tangu 2002 hupandisha watu Kilimanjaro kuchangisha fedha. Havitoshi bado. Halmashauri ina bajeti yake, na kifungu cha UKIMWI kimo. Diwani wako anaweza kusimama barazani akauliza kiasi gani kilitengwa na kiasi gani kilitoka. Muulize kama ameuliza.

Je, wajua kilicho kipya kabisa? Sindano ya kinga iitwayo lenakapaviri, kwa asiye na VVU. Ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake vijana wa Afrika Kusini na Uganda. Kati ya 2,134 walioipata, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Matokeo yalitoka mwaka 2024, na Julai 2025 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Vidonge vya kinga vya PrEP vya kila siku vilikuwepo kabla yake, lakini kidonge kinahitaji mahali pa kufichwa, na msichana anayeishi na mashangazi watatu hana mahali hapo. Sindano hii inachomwa mara mbili kwa mwaka. Ikifika nchini, isianzie Dodoma mjini na kuishia huko. Msimu wa vitunguu ukifunguka, Lumuma iwepo kwenye orodha ya kwanza, na Kituo cha Afya Kibakwe kipewe mgao wake kabla mvua hazijaifunga barabara.